Mkuu wa Kaya na Wengine: Sera za Serikali na Familia za Usambara



Waandaaji wamenipa mada ndefu: namna sera za Serikali zinavyozigusa familia, kwa jicho la sosholojia. Nitaibana ienee mchana mmoja. Hoja yangu ni hii. Kwa zaidi ya miaka mia moja dola imekuwa ikipanda milima hii ikiamini kwamba nyumba ya Usambara ina mtu mmoja mwenye mfuko mmoja na nia moja, anayeitwa mkuu wa kaya. Nyumba haikuwahi kuwa hivyo. Kila sera iliyoingia mlangoni iligawanywa upya huko ndani, na sehemu nzito mara nyingi iliishia kichwani kwa mama au bibi, hata pale karatasi ilipoandikwa jina la baba.

Kwanza tuitazame nyumba yenyewe. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeandika kitabu juu ya ufalme wa Wasambaa mwaka 1974 na kingine juu ya wakulima wa Usambara mwaka 1990, anaeleza kwamba familia ya zamani ilikuwa na hesabu mbili. Moja ilikuwa chakula cha kila siku, na hicho kilitoka katika mashamba ya mke. Nyingine ilikuwa mali, hasa mifugo, nayo ilikuwa mkononi mwa mume. Mifugo ndiyo iliyooa, iliyolipa faini na iliyookoa watu mwaka wa njaa. Mwenye wake wawili alikuwa na nyumba mbili, na kila mke na mashamba yake. Huko Vugha, mji mkuu wa ufalme huo, mfalme Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, alitawala watu waliompima mtawala kwa mvua na chakula. Nchi ikishiba, mtawala ni mwema. Ikiona njaa, ana maswali ya kujibu. Kipimo hicho kilianzia jikoni. Sijui kama watawala wa leo wangekipenda.

Wajerumani, walioupa mji huu wa Lushoto jina la Wilhelmstal, hawakuwa na haja ya hesabu mbili. Kuanzia mwaka 1898 walitoza kodi ya kibanda. Kodi ilihesabu vibanda, na mwenye wake watatu alikuwa na vibanda vitatu, kwa hiyo bila kutunga sheria hata moja ya ndoa, dola ikawa imeingia katika ndoa. Ilipoonekana kwamba kodi peke yake haiwapeleki wanaume wa kutosha kwenye mashamba ya walowezi, mwaka 1907 hapa Usambara ya Magharibi ikaletwa kadi ya kazi: kila mwanamume amfanyie kazi Mzungu siku 30 katika kila miezi minne. Piga hesabu mwenyewe. Ni robo ya mwaka. Shamba la chakula halikupunguziwa palizi kwa sababu baba yuko kwa mlowezi. Mikono iliyobaki nyumbani ndiyo iliyojaza pengo, na pengo hilo halikuandikwa katika daftari lolote.

Nafika sasa kwenye kisa ambacho wazee wa hapa bado wanakizungumza, kisa cha matuta. Nitakaa hapo kidogo.

Bonde la Mlalo lilikuwa na watu wengi na udongo wake ulikuwa ukiteremka na mvua. Hilo halikuwa uzushi wa Waingereza, waliowarithi Wajerumani. Mwaka 1946 wakaanzisha hapo mpango wa kuokoa ardhi, ambao baadaye ulisambazwa katika Usambara. Kiini chake kilikuwa matuta: kila mlipakodi achimbe matuta ya kukinga maji katika shamba lake, miteremko mikali isilimwe, na watu waliozidi wateremkie tambarare. Asiyechimba alipelekwa katika baraza la jumbe na kutozwa faini.

Mlipakodi alikuwa mwanamume. Je, mshika jembe alikuwa nani? Wanaume wengi walikuwa Tanga, Korogwe, kwenye mkonge na kwenye chai. Mteremko wenye mahindi na maharage ulikuwa wa mkewe. Sasa mama huyu, mwenye mtoto mgongoni na jembe la mkono, anatakiwa achimbe matuta katika msimu ule ule ambao mvua inamwambia apande. Bwana shamba aliyechora mpango alipima pembe ya mlima na kina cha udongo. Saa za mwanamke hazikuwamo katika vipimo vyake. Tena aliambiwa kwamba shamba lake la mteremko mkali liachwe, na hapo ndipo alipokuwa akitoa mboga na kunde za nyumba. Watu walikataa. Wanawake nao walisimama waziwazi. Mfalme Kimweri Mputa Magogo, aliyetawazwa mwaka 1947, alijikuta kati ya Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa Kiingereza, anayetaka matuta na raia wasioyataka, na TANU ikaokota hasira hiyo barabarani bila jasho. Mwaka 1957 mpango ukaachwa.

Majirani zetu wa Upare walikuwa wameshatoa somo la aina hiyo. Mwaka 1945 wanaume walipiga kambi Same kuipinga kodi iliyoitwa mbiru, nao hawakurudi nyumbani. Mwaka uliofuata wanawake wakateremka kumfuata Bwana Shauri na kumwambia kwamba kama hawarudishi waume zao, basi awe yeye mume wao. Kuna watu husimulia kisa hiki kama kichekesho. Mimi nakiona kama uchambuzi wa sera uliofanywa na wanawake waliojua kwamba mgogoro wa kodi ni mgogoro wa nyumba: nani analima, nani analala peke yake, nani anazaa na nani anatunza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukaja mradi mwingine wa udongo hapa Lushoto, SECAP, kwa msaada wa Wajerumani. Tatizo lilikuwa lile lile na milima ni ile ile. Safari hii wakulima walihimizwa kupanda mistari ya majani ya gwatemala na mabingobingo kukinga mteremko, pamoja na miti, na ng'ombe wafugwe zizini. Mistari hiyo mnaiona hadi leo mkitembea kutoka Soni. Kwa nini majani yalidumu na matuta hayakudumu? Kwa sababu majani yana faida inayoonekana ndani ya nyumba: ng'ombe anakula, maziwa yanapatikana, samadi inarudi shambani. Lakini msiniambie kwamba yalikuja bure. Ng'ombe wa zizini hatembei kutafuta majani. Anayetembea ni mtu, na ukisimama njiani jioni utaona ni nani aliyebeba mzigo wa majani kichwani. Mradi mzuri zaidi, na bado mgongo ni ule ule.

Hapo ndipo sosholojia inaponisaidia. Wanazuoni hawakubaliani juu ya jambo hili, na ni vizuri wasikubaliane. Mmarekani Talcott Parsons na wenzake wa nadharia ya uamilifu waliona familia kama taasisi yenye kazi zake katika jamii, kulea watoto na kuwatuliza wakubwa, na sera njema ikiwa ile inayoisaidia kutimiza kazi hizo. Friedrich Engels, katika kitabu chake cha mwaka 1884, aliihusisha familia na mali binafsi: mwanamume anataka mrithi anayemjua, na dola inalinda mpangilio huo. Charles Murray mwaka 1984 alidai kwamba misaada ya serikali ya Marekani ndiyo iliyovunja familia za maskini, kwa sababu iliwafundisha kwamba wanaweza kuishi bila kazi na bila mume. Mfaransa Jacques Donzelot mwaka 1977 aliandika jambo linalonigusa zaidi: kwamba dola ya kisasa huingia nyumbani kwa mlango wa mama. Daktari, mwalimu na ofisa ustawi wa jamii hufanya urafiki na mama, humpa maarifa na heshima, kisha humfanya awe msimamizi wa dola ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Murray simwelewi hapa Usambara. Kumwambia mtu wa Mgwashi kwamba ruzuku itamfanya aache jembe ni kutojua ruzuku wala jembe. Parsons ananipa nusu ya ukweli, kwa maana nyumba kweli inalea na kutuliza, ila hasemi ni nani ndani yake anayelea bila kutulizwa. Donzelot hakupata kuandika juu ya Lushoto, lakini kliniki ya watoto ya zahanati yoyote hapa ingemshangaza kwa kumpa haki.

Tuangalie sheria. Mwaka 1963 uchifu ulifutwa, na mwaka huo huo Serikali ikaziandika mila za makabila ya ukoo wa baba katika tamko moja la sheria za kimila. Mila ambayo wazee waliweza kuipindisha kwa huruma, mjane huyu abaki na shamba hili, binti yule arudi nyumbani, ikagandishwa katika maandishi: mjane hana fungu la urithi, na binti yuko daraja la mwisho. Ndipo ikaja Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ya kisasa kwa wakati wake, yenye kifungu cha kugawana mali iliyochumwa pamoja, lakini pia yenye ruhusa ya binti kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya wazazi. Kwa hiyo nyumba moja ya Usambara ikawa na sheria ya kimila, sheria ya Kiislamu na sheria ya Bunge, zote zikidai kumsemea mwanamke mmoja.

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Wanafunzi wa sheria hulishangilia shauri hilo, na wana haki. Lakini wasomaji wengi husahau kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa kuwa mahakama iliona alishapewa fedha na mumewe, naye mke akazitapanya. Kanuni ilishinda, mwenye kesi akatoka mikono mitupu. Mwaka 2016 Rebeca Gyumi alishinda Mahakama Kuu kuhusu umri wa kuolewa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikalithibitisha hilo. Nayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mila inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu, na katika wajumbe saba wa baraza la ardhi la kijiji watatu wawe wanawake. Chuo cha Uongozi wa Mahakama kipo hapa hapa Lushoto. Vijana wanaojifunza humo wataamua mirathi ya nchi nzima, na wanapita kila siku mbele ya mashamba ambayo wajane wanayalima bila kujua kama mwakani watakuwapo.

Operesheni Vijiji, ya mwaka 1973 hadi 1976, naipita haraka. Milima yenye watu wengi kama Kilimanjaro na Usambara haikuonja uhamisho kama walivyouonja Dodoma au Kigoma. Vijiji tayari vilikuwa juu ya vilima. Kilichobaki kwetu ni serikali ya kijiji na daftari la kaya.

Elimu ndiyo sera iliyobadilisha familia za hapa kuliko nyingine yoyote. Ada ya shule ya msingi iliondolewa mwaka 2002. Katikati ya muongo huo zikajengwa shule za sekondari za kata. Kisha Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ukaondoa ada hadi kidato cha nne, kuanzia Januari 2016. Haya ni mambo makubwa, na mtu asiyakejeli kwa sababu tu michango midogo bado ipo. Kabla ya hapo, binti aliyemaliza darasa la saba milimani alikuwa na njia mbili zinazojulikana: kuolewa, au kupanda basi kwenda Tanga na Dar es Salaam kuwa dada wa kazi. Ukiuliza katika nyumba za Sinza au Tabata dada ametoka wapi, Lushoto haikosi kutajwa. Nyumba za mjini zilipata mlezi wa bei nafuu, nyumba za mlimani zikapata fedha kidogo ya sabuni, na binti akalipia pande zote mbili.

Sasa binti huyo yuko kidato cha kwanza. Lakini kata za milimani si za kutembelea kwa baiskeli. Shule inaweza kuonekana ng'ambo ya bonde na bado ikawa saa mbili za kushuka na kupanda, na mvua za masika zikiwa juu yako. Pasipo na bweni, wazazi hupanga chumba karibu na shule. Vijana wanakiita geto. Ingieni mtazame: godoro chini, ndoo mbili, jiko la mafiga au la mkaa mlangoni, debe la unga lililotoka nyumbani Jumapili, daftari juu ya sanduku. Humo anaishi mtoto wa miaka 15, pengine na mwenzake, bila mtu mzima. Hii ni kaya mpya kabisa. Haikuletwa na mila wala na umaskini peke yake. Imezaliwa na sera njema iliyojenga darasa na kusahau kitanda. Na huyo mtoto ndiye mkuu wa kaya hiyo, ingawa hakuna daftari linalomwandika hivyo.

Akipata mimba katika geto, kanuni za mwaka 2002 zilikuwa zikitumika kumfukuza shule. Mvulana aliyempa mimba, akiwa hajulikani au amekimbilia mjini, hakupoteza hata kipindi kimoja. Tangu Novemba 2021, Profesa Joyce Ndalichako alipokuwa Waziri wa Elimu, Serikali imewaruhusu wasichana hao kurudi darasani. Naipongeza. Ila mwalimu akisema karibu darasani, lazima kuwe na mtu nyumbani anayesema niachie mtoto, na mtu huyo karibu kila mara ni bibi. Ruhusa hiyo ilimfungulia mama huyo kijana mlango wa shule na kumkabidhi bibi kazi nyingine, bila kumtaja.

Nafika kwenye TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Wazo la kuzipa kaya maskini fedha kwa masharti ya shule na kliniki lilipata umaarufu Mexico kuanzia mwaka 1997, na mwaka 2010 Tanzania ililijaribu katika vijiji vya Bagamoyo, Chamwino na Kibaha kabla ya kulipeleka nchi nzima katika awamu ya tatu. Majaribio yale yalionyesha kwamba kaya zililipia bima ya afya zaidi na kuongeza mifugo. Wale waliodhani maskini atakunywa pombe fedha yote, jibu lao ni mbuzi na kuku. Mpango ulipoenea, ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi kwa kaya, ikiongezeka kwa watoto hadi ukomo wa shilingi 38,000, na kulipwa kila baada ya miezi miwili.

Nendeni ofisi ya kijiji siku ya dirisha la malipo. Kina mama wamekaa kwenye nyasi tangu asubuhi, kitambulisho cha mlengwa kimefungwa kwenye pindo la kanga pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto. Wengi wa wanaopokea ni wanawake, na hilo lilikusudiwa: fedha ikishikwa na mama hufika kwenye sufuria. Nakubali. Lakini sikilizeni na masharti yenyewe. Mtoto asipofika shuleni, ruzuku ya mama inakatwa. Asipopelekwa kliniki, inakatwa. Baba aliyemtuma mtoto akavune karoti za kuwahi gari la Kariakoo hakatwi kitu, maana hana anachopokea. Maxine Molyneux, aliyeuchambua mpango wa Mexico mwaka 2006, aliuliza kama akina mama hawajageuzwa watumishi wa serikali wasio na mshahara. Swali lake linafaa kuulizwa na hapa. Na malipo yakihamia kwenye simu, simu hiyo ni ya nani? Katika nyumba yenye simu moja, iliyosajiliwa kwa alama za vidole vya mwana mkubwa, ruzuku ya mama imesharudi kwenye ile hesabu ya pili ya Feierman kabla haijanunua chumvi.

Sisemi TASAF ifutwe. Kwa mjane asiye na mtu mjini, fedha ile ndiyo tofauti kati ya mlo mmoja na miwili. Nasema sharti lililobebeshwa mtu mmoja ligawanywe kwa wote waliomzaa mtoto.

Na bibi je? Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, awe maskini au tajiri, bila kumuuliza mtoto wa nani amekosa shule. Tanzania Bara ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003, lakini haijawapa wazee wote pensheni ya namna hiyo. Bibi wa Usambara analea wajukuu wa binti aliye Dar es Salaam, wa binti aliyerudi kidato cha tatu na wa mwana aliyekwenda kuuza matunda mjini asirudi. Nchi inapata nguvu kazi, wanafunzi na dada wa kazi kwa sababu yeye yuko. Kama kuna sera moja ninayoiomba kwa uongozi wetu, ni hiyo ya pensheni ya wazee wote, na ilipwe mkononi mwa bibi mwenyewe.

Ombi langu la mwisho nalielekeza kwenu mliokaa hapa, maana nyinyi hamhitaji kusubiri Dodoma. Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila miezi mitatu. Katika unaofuata, daini hati miliki ya kimila iandikwe majina mawili, ya mke na mume. Daini kijiji kitenge kiwanja cha bweni la wasichana kabla ya kiwanja cha ofisi mpya. Na diwani akija na sheria ndogo mkononi, iwe ya msitu, ya mifugo au ya mchango, mwambieni asome kwa sauti ni nani ndani ya nyumba atakayeitekeleza na kwa saa ngapi za siku yake. Akishindwa kujibu, msiinyooshee mikono.